Betri na Hatari ya Umeme: Habari Zake Tangu Zamani

Leo tutazungumza habari za betri na hatari ya kupigwa na umeme. Kila mmoja wetu ana betri karibu naye: katika tochi, katika simu, katika pikipiki, au chini ya meza nyumbani kwa ajili ya taa za jua. Basi yafaa tujue betri ilitoka wapi, na kwa nini moja unaishika bila kudhurika, na nyingine yaweza kukuua.

Aliyetengeneza betri ya kwanza iliyojulikana kwa wataalamu wa Ulaya ni Mwitalia mmoja, jina lake Alessandro Volta. Mwaka 1800 aliandika barua kwa chama cha wataalamu cha London kueleza kazi yake. Alichukua vipande vya mviringo vya fedha na vya zinki, akavipanga kimoja juu ya kingine kama sahani, na kati yake akatia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kisha akalowesha mikono yake, akagusa chini na juu, akasikia mshtuko. Aliulinganisha na mshtuko wa samaki mmoja wa jamii ya taa, ambaye ukimgusa hukupiga ganzi. Na kila alipoongeza vipande, mshtuko ulizidi.

Katika habari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza: betri zikiungwa kwa kufuatana, nguvu ya kusukuma umeme huongezeka. Nguvu hiyo twaipima kwa volti, neno lililotoka katika jina la Volta mwenyewe. La pili: ngozi kavu huzuia umeme, lakini ngozi yenye maji au jasho huupa njia.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ambayo ikiisha nguvu yaweza kuchajiwa tena. Hiyo ndiyo babu wa betri za magari. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner akapata hati ya betri kavu, ambayo ndiyo babu wa betri za tochi. Betri ya tochi ina volti 1.5 tu.

Sasa turudi kwetu. Umeme wa waya ulianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Ulikwenda kwenye karakana za reli na kwenye mitaa waliyokaa Wazungu. Waafrika wengi waliendelea na kibatari. Hata baada ya Uhuru, mwaka 1961, waya hazikufika upesi katika nyumba za pembezoni. Kilichofika kwanza kwa watu wengi ni tochi na redio ndogo. Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kampuni yake Tanzania, na betri zake za National zikajulikana sana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walikusanyika vijijini kusikiliza masomo kwa redio za betri, kama mnavyosikiliza ninyi leo.

Hivyo wazee wetu wengi walizoea umeme usiouma. Walizitoa betri kwa mikono, wakazianika juani ili zipate nguvu kidogo, wala hazikuwapiga. Lakini wahenga walisema, mazoea yana taabu. Mazoea hayo tuliyarithi, na betri zimebadilika.

Chukua mfano. Wewe unakaa Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, nawe una kiduka cha soda. Umeme ukikatika, unawasha betri kubwa ya volti 12. Ukivigusa vichwa vyake kwa mikono mikavu, huenda usisikie kitu. Lakini usiidharau. Spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja, umeme mwingi hupita mara moja, chuma kikawa chekundu, na pete kidoleni ikaunguza nyama. Tena betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa inayowaka. Cheche moja yaweza kuipasua na kukurushia asidi machoni.

Hatari kubwa zaidi iko mbele. Betri hiyo imeungwa na kisanduku kiitwacho inveta, kinachogeuza volti 12 kuwa volti 230, sawa na umeme wa nguzo. Umeme huo ukipita kifuani waweza kusimamisha moyo. Wengi husema, "Umeme umekatika, nami nimezima swichi kuu, basi naweza kushika waya." Sivyo! Kama inveta inafanya kazi na imeungwa kwenye waya za nyumba, waya hizo zina umeme bado. Giza la mtaani si dalili kwamba nyumbani mwako hamna umeme.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kugusa waya, zimeni swichi kuu, kisha zimeni inveta na kuitenga na betri. Kazi ya waya mwachieni fundi, naye aambiwe kwamba kuna betri. Vueni pete na saa. Wekeni betri penye hewa, mbali na moto na watoto. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo, na kama ni machoni, endelea kuosha kisha uende hospitali. Mtu akinaswa na umeme, usimshike kwa mikono. Zima kwanza. Ikiwa haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, mlaze chali, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha, na wengine watafute msaada.

Volta alilowesha mikono yake kusudi, akajua anachokifanya. Sisi tusiloweshe yetu kwa kutojua.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Volta alilowesha mikono yake?
2. Betri ya volti 12 yaweza kukudhuru kwa njia gani?
3. Nyumbani kwako, ni nani ajuaye kuzima inveta? Leo jioni mfundishe mwingine.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.