MELI YA MJERUMANI ILIYOFIA RUFIJI: LIGI YA WAPENZI WA GEMU ZA VITA NA WATU WASIOTAJWA MAJINA

Wapenzi wa gemu za vita wana ligi yao ambayo haijawahi kuisha. Wagusie tu habari ya meli inaitwa Königsberg, umeharibu siku. Kuna Timu Mjerumani, kuna Timu Mwingereza, na kila upande una hesabu zake mkononi: mizinga mingapi, inapiga umbali gani, nani alimzidi nani akili. Watu wanarushiana madongo mpaka usiku wa manane, na wengi wao wako huko Ulaya na Marekani, hata tope la Rufiji hawajawahi kulikanyaga.

Sasa cha kushangaza ni hiki. Uwanja wenyewe wanaougombania uko hapa hapa Mkoa wa Pwani. Ukitoka Mchukwi, jirani na Kibiti, ukashuka mashariki mpaka kwenye mikoko ya delta, ndipo mchezo ulipochezwa. Kijana wa Mchukwi anaweza kukesha na simu akipiga manowari za watu, na asijue kwamba ramani halisi iko nyuma ya kwao.

Jambo moja kwanza, maana linawachanganya wengi. Ile Königsberg iliyomo kwenye gemu ya World of Warships siyo hii ya Rufiji. Ile ni mdogo wake wa jina, iliingia kazini mwaka 1929 na ndege za Waingereza zikaizamisha Bergen, Norway, Aprili 1940. Ya Rufiji ni ya zamani zaidi, ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo akitokea mtu anatamba kwamba ameiendesha meli ya Rufiji, mwambie atulie kwanza.

ILIVYOINGIA MTONI

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake akiitwa Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Tarehe 31 Julai ikatoka bandarini, vita ikaanza, na mwanzoni mwa Agosti ikaikamata meli ya biashara ya Mwingereza, City of Winchester, upande wa Oman. Baada ya hapo makaa ya mawe yakawa shida, ikaja kujificha Rufiji.

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, asubuhi na mapema, Looff akaibukia Zanzibar. Manowari ya Mwingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imesimama inatengenezwa mitambo. Mizinga ya Pegasus haikufika hata ilipo Königsberg, ila ya Königsberg ilifika vizuri sana. Pegasus ikazama siku hiyo hiyo, mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Wengi wamelala kwenye kisiwa cha Chapwani, ambacho watalii wanakiita Kisiwa cha Makaburi.

Baada ya ushindi huo, mitambo ya Königsberg yenyewe ikagoma. Ikarudi delta, ikapanda juu mtoni, ikafunikwa matawi ya miti ili isionekane. Vifaa vya mitambo vilivyoharibika vikafunguliwa, vikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, halafu vikarudishwa.

Hapo kwenye "vikapelekwa" simama kidogo. Ni zaidi ya kilomita 100, hakuna lami, hakuna lori. Vilikwenda kwa nguvu za watu, wakivuta na kusukuma kwenye mchanga na tope, kwenda na kurudi. Watu hao tutawarudia.

MZINGIRO WA MIEZI 8

Tarehe 30 Oktoba 1914 manowari ya Chatham ikaiona Königsberg imejibanza maeneo ya Salale. Kuiona ni jambo moja, kuifuata ni jambo jingine. Delta ya Rufiji ina milango mingi, Simba Uranga, Kikunja na mingine, maji yanajaa na kupwa, na mikoko yake ni kama hekta 53,000. Manowari kubwa za Mwingereza zikiingia tu zinakwama. Wakazamisha meli ya zamani, Newbridge, kwenye mlango mmoja ili Mjerumani asitoke. Halafu wakabaki nje wanalinda, kama paka anayelinda tundu la panya.

Wakaleta na ndege, kipindi ambacho ndege yenyewe ilikuwa bado kitu kipya duniani. Rubani wa kwanza, Dennis Cutler, alikuwa raia tu aliyekodishwa na ndege yake kutoka Durban. Aliiona Königsberg kutoka angani Novemba 1914, Desemba akaanguka mikononi mwa Wajerumani. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakaifanya kituo chao.

Mwishowe wakaagiza dawa yenyewe: meli mbili za mtoni, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil. Hizi zilizama chini ya mita 2 tu kwenye maji. Zilivutwa kwa kamba kutoka Malta mpaka huku. Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mtoni, zikapigwa, Mersey ikaumia, zikarudi Mafia. Tarehe 11 Julai zikaingia tena, ndege ikiwa juu inawaelekeza makombora yanaangukia wapi. Safari hii Königsberg ikashika moto, Looff akajeruhiwa, akaamuru meli yake izamishwe kwa mikono yao wenyewe.

SASA NANI ALISHINDA?

Hapa ndipo ligi inapowaka.

Timu Mwingereza hoja yao ni fupi: meli imezama au haijazama? Imezama. Basi.

Timu Mjerumani wanajibu kwamba meli moja mbovu, haina makaa ya kutosha, mabaharia wanatetemeka kwa malaria, iliwashika Waingereza miezi zaidi ya 8. Manowari, ndege, meli za kutoka Malta, yote hiyo kwa ajili ya mtu mmoja kwenye mikoko. Halafu wanapiga msumari wa mwisho: mizinga yote 10 iliokolewa! Ikatolewa mtoni, ikafungwa magurudumu Dar es Salaam, na jeshi la Lettow-Vorbeck likapigana nayo nchi kavu. Mmoja ulifika mpaka Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen, hii hii tunayoiita Liemba.

Kwa hoja hizo, Timu Mjerumani huwa wanaondoka vifua mbele. Ila kuna kitu pande zote mbili wanakiruka. Kwenye gemu mzinga unausogeza kwa kidole. Rufiji mzinga wa chuma wenye uzito wa zaidi ya tani moja ulisogezwa na mabega ya watu.

WACHEZAJI AMBAO GEMU HAINA

Chukua hoja zote za ligi hii, uzipekue, utawakuta hao hao. Mitambo ilifika vipi Dar es Salaam? Watu. Mizinga ilitokaje kwenye tope? Watu. Hata Mwingereza, pamoja na ndege zake, alimhitaji mwindaji wa Kikaburu Pieter Pretorius aingie delta kwa siri kupima kina na kufuatilia maji. Na Pretorius naye hakufanya kazi peke yake, alikuwa na wenyeji. Jina la Pretorius limo vitabuni. La wenyeji wake, nani analijua?

Wengine watasema, mbona hawakukataa? Kumbuka mwaka. Miaka 9 tu kabla, Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro, Rufiji hiyo hiyo, na Maji Maji ikazimwa kwa risasi na njaa. Mtu aliyeshuhudia hayo akiwa kijana, mwaka 1914 anaambiwa shika kamba uvute. Angefanyaje?

Na baada ya meli kuzama shida haikuisha. Vita ikahamia nchi kavu, mapema 1917 majeshi yote mawili yakakwama bonde la Rufiji, mvua kubwa, mafuriko, chakula hakuna. Wapagazi ndio walioliwa zaidi na vita hii, na hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Kwa makadirio ya wanahistoria, wapagazi waliokufa upande wa Uingereza peke yake ni karibu 100,000. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kutokana na jina hilo ndiyo tukapata Kariakoo. Kila siku maelfu wananunua vitenge na simu Kariakoo, wachache wanajua wanatamka jina la wapagazi.

Linganisha na hili. Tarehe 4 Januari 1917, Beho Beho, Rufiji, aliuawa mwindaji wa Kiingereza Frederick Selous akipigana upande wa kwao. Mtu mmoja. Pori zima likapewa jina lake, mpaka mwaka 2019 sehemu kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wapagazi waliofia bonde hilo hilo hawana hata kijiti chenye maandishi.

Pale Posta, Dar es Salaam, ipo sanamu ya Askari, imesimama tangu 1927. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi kwa ujumla, yanaahidi kwamba majina yao yatakumbukwa. Zunguka pande zote uhesabu majina ya watu wenyewe. Sifuri.

MIZINGA IKO WAPI LEO

Ukitaka kuuona mzinga wa Königsberg, panda basi la Mombasa, nenda Fort Jesus. Upo pale, na jirani yake umewekwa mzinga wa Pegasus, meli ile ile iliyozamishwa Zanzibar. Maadui wa 1914 sasa wanapigwa jua pamoja na watalii wanapiga nao picha. Mwingine uko Pretoria. Meli yenyewe chuma chake kilichukuliwa kidogo kidogo na wauza vyuma, kilichobaki kikamezwa na tope la mto.

Hata sinema ilitengenezwa, Shout at the Devil ya mwaka 1976, Roger Moore na Lee Marvin ndani, kisa kimechotwa kutoka Rufiji. Wazungu ndio mastaa, kama kawaida.

Kwa hiyo mdau, ligi iendelee, hakuna anayeizuia. Timu Mjerumani endeleeni kutamba na mizinga 10, Timu Mwingereza endeleeni na tarehe 11 Julai. Ila anayetoka Mchukwi, Salale, Mohoro au Mafia ana swali lake la kuuliza nyumbani kabla wazee hawajaisha: babu wa babu alikuwa wapi mwaka ule, na alivuta kamba ya nani?

Kama kwenu kuna jina, liandike hapo chini kwenye maoni. Hata moja tu, litakuwa limeizidi sanamu ya Posta.