Nafasi ya Maktaba katika Shule za Sekondari za Kanisa

Mwaka 1524 Dakta Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwahimiza waanzishe na kuzitunza shule za Kikristo. Waraka huo unakumbukwa sana kwa habari ya shule, lakini ni wachache wanaokumbuka jinsi ulivyomalizika. Luther aliuhitimisha kwa habari ya maktaba. Aliwasihi madiwani wasihesabu gharama katika kuandaa nyumba nzuri za vitabu, hasa katika miji mikubwa iliyoweza kuzimudu. Wala hakutaka vitabu virundikwe bila kuchaguliwa. Alitaja kwanza Maandiko Matakatifu katika Kilatini, Kiyunani, Kiebrania na Kijerumani pamoja na fafanuzi zilizo bora. Kisha vitabu vya kujifunzia lugha, hata vya washairi wasio Wakristo. Halafu vya sheria, vya tiba na vya historia. Hivyo tangu siku za mwanzo za Matengenezo ya Kanisa, shule na maktaba zilihesabiwa kuwa kazi moja.

Urithi wa misioni

Wamisionari wa Kilutheri walioingia nchini mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa warithi wa fundisho hilo. Wa Berlin walianza kazi kusini mwaka 1891, na wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Shule ilifuatana na mahubiri, maana ubatizo ulitanguliwa na mafundisho. Vitabu, hata hivyo, vilikuwa vichache: Katekisimo Ndogo, kitabu cha nyimbo, sehemu za Biblia na vitabu vya kujifunzia kusoma. Usambara palikuwa na kiwanda cha kupiga chapa cha misioni huko Vuga. Mahali pengi mwalimu ndiye aliyeshika kitabu, na wanafunzi wakakariri. Kukariri kuliwajenga wengi katika imani, na halipaswi kudharauliwa jambo hilo. Lakini anayekariri hutegemea kinywa cha mwalimu wake, ilhali anayejisomea huweza kulinganisha na kuuliza.

Miaka ya mabadiliko

Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Mwaka huo huo ilitungwa sheria iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ambayo kwayo shule za mashirika ya dini ziliwekwa mikononi mwa serikali. Baadaye Kanisa lilipoanza tena kujenga sekondari zake, lilijenga katika nyakati ngumu. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vitabu pia vikawa adimu. Shule nyingi zilitanguliza madarasa na mabweni, maktaba ikangoja.

Wakati huo huo tatizo la lugha lilijitokeza wazi. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi ilifundishwa kwa Kiswahili, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984 wachunguzi Criper na Dodd walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuelewa masomo yao. Kutokana na uchunguzi huo, kuanzia mwaka 1987 Uingereza ilifadhili mpango ulioleta shuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, vilivyopangwa kwa ngazi. Mpango huo uliacha fundisho kubwa: lugha hukua kwa kusoma vitabu vingi, vyepesi na vya kuvutia, jambo ambalo kitabu kimoja cha kiada hakiwezi kulitimiza.

Msaada kwa mwanafunzi na mwalimu

Hapa ndipo kazi ya maktaba inapoonekana. Mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza kutoka nyumba isiyo na kitabu zaidi ya Biblia na Nyimbo, katika maktaba hukuta kamusi, atlasi, hadithi na meza tulivu ya kujisomea jioni. Kwake yeye maktaba ni usawa, kwa kuwa mtoto wa mkulima na mtoto wa afisa huazima kitabu kile kile kwa kadi ile ile. Pia humo huzikuta karatasi za mitihani iliyopita, akazoea namna ya kuulizwa kabla ya siku ya kuulizwa.

Mwalimu naye husaidiwa. Asiye na maktaba hufundisha kwa notisi alizoandika chuoni, na kila mwaka huzinakili ubaoni, makosa yakiwamo. Mwenye maktaba hulinganisha vitabu viwili au vitatu, huiona mada kwa upya, na huweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutafuta wenyewe. Mwalimu wa Historia huwatuma makundi manne kwenye vitabu vinne, nao hurudi darasani wakiwa na jambo la kujadili.

Stoo au maktaba?

Ni lazima kusemwa ukweli kwamba katika shule kadhaa chumba cha vitabu kimefungwa kwa kufuli muda mrefu kuliko kilivyofunguliwa. Sababu yake inaeleweka. Mkuu wa shule huulizwa habari za kitabu kilichopotea, lakini haulizwi habari za kitabu ambacho hakikusomwa. Kwa hiyo kufunga mlango ni salama kwake. Lakini kitabu kilichochakaa mikononi mwa wanafunzi hamsini kimetimiza kazi yake, na kile kilichokaa miaka kumi bila kuguswa ni hasara, hata kama bado kimo katika daftari la mali.

Vilevile msaada wa vitabu kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, ambao ni wa kushukuriwa, huhitaji kuchambuliwa. Shauri la Luther bado lafaa: vichaguliwe vilivyo bora na vinavyolingana na mafundisho. Kazi hiyo yahitaji mtu. Ilani ya maktaba za shule iliyopitishwa na UNESCO mwaka 1999 ilisisitiza kuwapo kwa mkutubi mwenye mafunzo, anayeshirikiana na walimu. Nchini, Bodi ya Huduma za Maktaba ina chuo chake cha ukutubi Bagamoyo. Hata hivyo, posho ya mkutubi mara nyingi ndiyo ya kwanza kufutwa bajeti inapopungua.

Usharika unapoingia karne yake ya pili, changizo la kujenga chumba cha maktaba ni jambo jema. Na lililo jema zaidi ni kuhakikisha kwamba yupo wa kukifungua kila siku. Mtume Paulo akiwa kifungoni alimwagiza Timotheo amletee joho lake na vitabu, akisisitiza hasa vile vya ngozi. Naye Filipo alipomkuta Mwethiopia akisoma garini, alimuuliza kama aliyaelewa aliyoyasoma, kisha akapanda na kuketi pamoja naye. Mwanafunzi wa sekondari anavihitaji vyote viwili: kitabu mkononi, na mtu wa kuketi naye.