Shirika likipata hasara, nani analipa? Fedha za kunusuru makampuni, bonasi za wakubwa na akiba yako

Kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapotoka mwezi Aprili, simu za kipindi hazipoi. Swali ni lilelile, liwe limetoka Mbinga, Namtumbo, Tunduru au hapa Songea mjini: "Mimi nikishindwa kurejesha mkopo wa pembejeo wanakuja kuchukua baiskeli na mbuzi. Shirika kubwa likipata hasara linaongezewa fedha. Kwa nini?" Wengine huongeza la pili: mbona wakubwa wa shirika hilo bado wanalipwa vizuri?

Makala hii inaeleza jambo hilo taratibu: maana yake, lilivyotokea kwingine, lilivyotokea kwetu, na mambo ambayo wewe msikilizaji unaweza kuyafanya kulinda akiba yako.

Kunusuru shirika maana yake nini?

Serikali huweza kulinusuru shirika au kampuni kwa njia nne. Ya kwanza ni kulipa fedha moja kwa moja, iwe kama ruzuku au kama nyongeza ya mtaji. Ya pili ni kulidhamini, yaani kuiambia benki, "Mkopeshe huyu, akishindwa tutalipa sisi." Ya tatu ni kuyabeba madeni yake. Ya nne ni kuliunganisha na shirika jingine lenye nguvu.

Njia zote nne mwisho wake ni mmoja: mfuko wa umma. Na mfuko huo haujazwi na wafanyakazi wenye mishahara peke yao. Ukinunua sabuni au vocha, ndani ya bei mna kodi. Ukikodi gari kupeleka mahindi sokoni, ndani ya nauli mna kodi na tozo za mafuta. Hata mkulima ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya TRA ni mlipakodi, na ana haki ya kuuliza.

Hasira ilivyowaka Marekani na Uingereza

Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yaliyumba baada ya kukopesha ovyo kwenye nyumba na kuuziana mikopo hiyo. Septemba mwaka huo serikali ya Marekani ililiokoa shirika la bima la AIG. Msaada ulianza na dola bilioni 85, ukaongezwa hadi kiasi cha dola bilioni 182. Machi 2009 ikajulikana kwamba AIG ilikuwa inalipa bonasi za dola milioni 165 kwa wafanyakazi wa kitengo kilekile kilicholiingiza shirika shimoni.

Wananchi waliokuwa wamepoteza kazi na nyumba walichachamaa. Tarehe 19 Machi 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 328 dhidi ya 93 muswada wa kutoza kodi ya asilimia 90 kwenye bonasi za namna hiyo. Baraza la Seneti halikuupitisha, hivyo haukuwa sheria.

Uingereza nako, serikali iliingiza pauni bilioni 45.5 katika benki ya Royal Bank of Scotland. Mkuu wake, Fred Goodwin, aliondoka akiwa na miaka 50 na pensheni ya takriban pauni 700,000 kwa mwaka. Baada ya kelele za wananchi alikubali ipunguzwe hadi pauni 342,500.

Mwisho wa hadithi hizi mbili haukufanana. AIG ililipa, na serikali ya Marekani ikapata faida. Uingereza ilimaliza kuuza hisa zake za benki ile mwaka 2025, na ilipata hasara. Kwa hiyo kunusuru si lazima kuwe kutupa fedha. Inategemea masharti yaliyowekwa na usimamizi wake.

Tanzania nayo ilikuwa na mpango wake

Mtikisiko ule ulitufikia kupitia mazao. Bei za pamba na kahawa kwenye soko la dunia zilianguka wakati wanunuzi wetu walikuwa wameshanunua kwa bei ya juu kwa fedha za mikopo ya benki. Wengi wakabaki na mzigo ghalani na deni mkononi.

Juni 2009, akiwa Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya takriban shilingi trilioni 1.7. Ndani yake kulikuwa na takriban shilingi bilioni 21.9 za kufidia hasara za makampuni na vyama vya ushirika vilivyonunua mazao msimu wa 2008/09, pamoja na dhamana na kuongezewa muda wa kulipa mikopo.

Hoja ya serikali ilieleweka: wanunuzi wakifilisika, msimu unaofuata nani angenunua pamba na kahawa ya mkulima? Lakini maswali yalikuja baadaye, bungeni na nje ya bunge. Ni kampuni zipi zilizolipwa? Kila moja ilipata kiasi gani? Kila moja ilithibitishaje hasara yake? Fedha zilitoka haraka, maelezo yakaja polepole. Hapo ndipo watu wengi walianza kushuku, na shaka ya namna hiyo ikishaingia haitoki kirahisi.

Mbinga na Twiga: benki mbili, mwisho tofauti

Hapa mkoani Ruvuma somo tumelipata karibu zaidi. Tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifungia leseni Mbinga Community Bank kwa sababu ya upungufu mkubwa wa mtaji na ukwasi. Ukwasi ni fedha ambazo benki inazo tayari mkononi kuwalipa wenye akiba wanapozihitaji. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi.

Wakati huo kiwango cha juu cha fidia ya bima kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja. Aliyekuwa na laki nane alistahili kupata zote. Aliyekuwa na milioni sita, labda fedha za kahawa alizokuwa akizitunza kwa ajili ya ada na bati, alistahili milioni moja na nusu kwanza. Zilizobaki zilitegemea mfilisi auze mali za benki na kukusanya madeni yake.

Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2016, Benki Kuu ilikuwa imechukua usimamizi wa Twiga Bancorp, benki ya serikali. Hali yake ilikuwa mbaya: mtaji wake ulikuwa hasi, chini ya sifuri kwa shilingi bilioni 21. Yenyewe haikufilisiwa. Mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta, ambayo leo ni Benki ya Biashara Tanzania (TCB), na wateja wake wakaendelea na akaunti zao.

Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki nyingine tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Agosti mwaka huohuo ilichukua usimamizi wa Bank M, na mwaka 2019 mali na madeni ya Bank M yakahamishiwa Azania, benki ambayo wanahisa wake wakubwa ni mifuko ya hifadhi ya jamii.

Mwenye kuangalia orodha hiyo ataona ndogo zimefungwa, kubwa na ya serikali zimepatiwa njia. Wasimamizi wa fedha wana jibu: benki kubwa ikianguka huweza kuvuta na nyingine, ila ndogo ikianguka madhara hubaki wilayani. Kwa hesabu za taifa jibu hilo lina mantiki. Lakini kwa mama wa Mbinga aliyepoteza akiba, madhara ya wilayani ndiyo madhara yote aliyonayo.

Mashirika yanayoishi kwa ruzuku

Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ndiyo inayotajwa zaidi kwenye simu zenu. Kwa mujibu wa CAG, mwaka wa fedha 2022/23 ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64, ilhali ilipokea ruzuku ya serikali ya shilingi bilioni 31.55. Mwaka uliotangulia hasara ilikuwa bilioni 35.24.

Upande wa pili usemwe pia. Serikali inasema ndege huleta watalii, hurahisisha biashara na kufika mahali ambapo kampuni binafsi haziendi. Songea ni mojawapo: mgonjwa wa rufaa huweza kufika Dar es Salaam siku hiyohiyo. Swali la haki basi si "kwa nini tuna ndege?" Swali ni "tunalipia nini, hadi lini, na nani anawajibika hasara inapoongezeka?"

Mishahara, posho na bonasi

Bonasi ni malipo ya ziada kwa kazi iliyozidi lengo. Kwenye AMCOS ni rahisi kuelewa: chama kikiuza ufuta kwa bei nzuri na hesabu zikawa safi, wanachama wanaweza kukubaliana kumpa katibu asante. Ubaya unaanza asante inapotolewa hata mwaka ambao ghala limevuja.

Machi 2016, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema wapo watumishi wa umma wanaolipwa hadi shilingi milioni 40 kwa mwezi, akaahidi kwamba hakuna atakayezidi milioni 15. Watu wengi walishangilia. Wengine walionya kwamba mshahara ni sehemu moja tu ya malipo, maana ziko posho za vikao, safari, nyumba, simu na mafuta. Ukikata mshahara na kuacha posho bila mipaka, maji yatatafuta njia nyingine.

Wanaotetea malipo makubwa husema mtaalamu mzuri ana bei yake, na usipomlipa ataenda kampuni binafsi. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini anayelipwa kwa sababu ya ustadi wake akubali pia kupimwa kwa matokeo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kinachowaudhi watu hapa ni janga kuliwa na wasiolichuma, huku mchumaji akiondoka na bahasha.

Kunusuru kwa haki kukoje?

Tukichukua mifano yote hiyo, yapo mambo manne ya kuangalia kila mara serikali inapotangaza kuokoa kampuni au shirika:

1. Orodha iwe wazi. Nani amepata, kiasi gani, kwa hasara gani iliyokaguliwa.
2. Wenye hisa na wakubwa waumie kwanza. Bonasi isimame mpaka fedha za umma zirudi.
3. Pawe na tarehe ya mwisho. Msaada usio na mwisho huwa mazoea.
4. Serikali ipate kitu. Iwe hisa, riba au sehemu ya faida shirika likisimama tena.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, ijue bima ya amana. Kiwango cha juu cha fidia sasa ni shilingi 7,500,000 kwa mteja kwa kila benki. Kama una milioni 12, ukizigawa kwenye benki mbili zote zitakuwa ndani ya bima. Huhitaji kujiandikisha wala kulipia, maana benki ndiyo inayolipa. Akitokea mtu anayekudai ada ya "kukusajili bima ya amana", usimpe.

Pili, fahamu kwamba bima hiyo ni ya benki na taasisi za fedha zenye leseni ya Benki Kuu ya kupokea amana. Akiba iliyo kwenye SACCOS haimo, wala fedha za VICOBA. Hiyo si sababu ya kuziacha SACCOS. Ni sababu ya kuhudhuria mikutano.

Tatu, kwenye mkutano mkuu wa AMCOS au SACCOS yako, omba kusomewa hesabu zilizokaguliwa. Uliza posho za bodi ni kiasi gani na zimeongezeka kwa sababu gani. Hiyo ni haki ya mwanachama. Ukizungushwa, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya.

Nne, ripoti za CAG huwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi na zinasomeka kwenye simu. Ya mashirika ya umma iko kitabu chake peke yake. Mbunge akija kwenye ziara, mtajie jina la shirika na kiasi cha hasara kilichoandikwa humo, kisha umuulize Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma imefanya nini. Swali lenye tarakimu ni gumu kulikwepa kuliko malalamiko ya jumla.

Hasira mnayoitoa kwenye simu ina sababu. Ila hasira huisha kipindi kinapoisha, na wanaokula fedha wanalijua hilo. Wanachokiogopa ni mtu aliyekuja mkutanoni na karatasi yake, akauliza, akaandika jibu, na mwaka unaofuata akarudi nalo.