Homa, barafu na kiharusi: ubishi mrefu juu ya nyuzi 37

Ndugu msomaji, hospitalini kuna kifaa kimoja kidogo ambacho hakuna anayekiogopa wala kukistaajabia: themometa. Nesi anaiweka kwapani, anasoma, anaandika kwenye chati, anakwenda kitanda cha pili. Sisi ndugu wa mgonjwa mara nyingi hatuulizi hata imesoma ngapi. Leo naomba tuitazame namba ile kwa mgonjwa wa kiharusi, maana madaktari wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na ubishi wao unamhusu kila mwenye mzee nyumbani.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1868 daktari Carl Wunderlich wa Leipzig alichapisha kitabu juu ya joto la mwili katika magonjwa. Inasemekana alikusanya vipimo milioni moja hivi, kutoka kwa wagonjwa wapatao 25,000. Ndiye aliyetuachia nyuzi 37 kama joto la kawaida la binadamu. Lakini kubwa zaidi ni hili: wengi kabla yake waliihesabu homa kuwa ugonjwa wenyewe, yeye akasema homa ni dalili tu. Likumbuke neno hilo, tutalirudia.

Je, homa ni rafiki au adui? Hapo ndipo wakubwa walipogawanyika. Huko Vienna mwaka 1917, Julius Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika kwenye ubongo, akitaka homa ipambane na ugonjwa ule. Ndiyo, umesoma sawasawa, malaria kwa makusudi! Na mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobeli. Sisi tunaolala ndani ya chandarua kumkimbia mbu tunaweza kushangaa, lakini kabla ya penisilini hawakuwa na njia nyingi.

Upande wa pili walikuwepo watu wa baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Temple Fay wa Philadelphia alianza kuwapoza wagonjwa wa saratani, baadaye na walioumia kichwa. Mwaka 1950 Wilfred Bigelow wa Toronto alieleza jinsi mbwa waliopozwa walivyoweza kustahimili damu kusimama kwa muda. Septemba 2, 1952, John Lewis na wenzake wa Minnesota walimpoza mtoto wa kike wa miaka mitano hadi nyuzi 28, wakaufungua moyo wake na kuziba tundu. Akapona. Siri yake ni kwamba kila nyuzi moja inaposhuka, mahitaji ya ubongo ya oksijeni hupungua kwa asilimia 6 au 7 hivi.

Sasa unaona kwa nini watu wa kiharusi walisisimka. Viharusi vingi hutokea pale damu iliyoganda inapoziba mshipa wa ubongo. Sehemu iliyo katikati hufa haraka, lakini pembeni yake kuna sehemu inayohangaika, haijafa wala haiko salama. Kama baridi inaweza kuinunulia muda sehemu ile, kwa nini isitumike?

Mwaka 1987 Raul Busto na wenzake wa Miami walionyesha kwa panya kwamba tofauti ya nyuzi chache tu kwenye ubongo huamua seli ngapi zitakufa damu inapokatika. Mwaka 1996 wakaja watafiti wa Copenhagen. Waliwapima wagonjwa 390 waliofika hospitali ndani ya saa sita tangu kiharusi kuanza. Kila joto lilipokuwa juu kwa nyuzi moja, hatari ya kufa au kutoka na ulemavu mkubwa iliongezeka zaidi ya mara mbili. Nyuzi moja tu, ndugu zangu.

Ungedhani kesi imekwisha: poza mgonjwa, apone. Haikuwa hivyo.

Waholanzi waliwapa mamia ya wagonjwa parasetamo gramu 6 kwa siku kwa siku tatu, katika utafiti wa watu 1,400. Matokeo yalitoka mwaka 2009: kwa ujumla hakuna tofauti ya maana. Ulaya wakaandaa jaribio la kuwapoza wagonjwa hadi nyuzi 34 au 35, wakitaka watu 1,500. Walipata 98, jaribio likafungwa, likatangazwa mwaka 2019 bila jibu. Mgonjwa wa kiharusi aliye macho ukimpoza anatetemeka, na kumpoza ni kazi ngumu. Mwaka 2024 ukaja utafiti mwingine wa wagonjwa 677 waliokuwa mahututi kwa kiharusi cha aina mbalimbali, ambao walifungiwa mashine ya kuzuia homa isipande. Homa ilizuilika kweli, lakini kupona hakukuongezeka.

Je, Copenhagen walitudanganya? Hapana. Walichokiona kilikuwepo. Ila kiharusi kikubwa chenyewe hupandisha joto, na homa nyingi za siku zinazofuata hutokana na nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Ukipepea moshi, moto haujazimika. Turudi kwa Wunderlich: homa ni dalili.

Kwangu mimi utafiti wenye funzo kubwa kuliko yote ulitoka Australia mwaka 2011, na haukuwa na mashine. Katika wodi 19 za kiharusi huko New South Wales, baadhi ya wauguzi walifundishwa mambo matatu: kupima joto kila baada ya saa nne na kutibu likifika 37.5, kufuatilia sukari, na kuhakikisha mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kupewa chakula. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, wakati kwenye wodi nyingine walikuwa 58. Yote matatu yalifanywa pamoja, hivyo huwezi kusema ni joto peke yake. Lakini aliyepima alikuwa analitafuta jambo, hakuwa anajaza chati.

Kwetu hili si la mbali. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai, baada ya kuzingatia tofauti za umri. Na sisi tuna mazoea: mwili ukichemka, tunasema malaria. Mzee amepooza, amelazwa chali, ananyweshwa uji huku anakohoa. Siku ya tatu anachemka, tunatafuta dawa ya malaria. Kumbe uji umepita njia ya hewa, mapafu yanaungua.

Kwa hiyo usimfunge mzee wako mabarafu. Mkalishe wima anapokula, akipaliwa simamisha chakula na uwaambie wauguzi. Na themometa ikitolewa kwapani, uliza: imesoma ngapi, na kwa nini? Ni haki yako kuuliza, na jibu la swali la pili ndilo litakalomsaidia mgonjwa.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.