Shetani katika Mji wa Shaba

Wengine hushangaa: mbona watu wa mjini, waliopita shuleni na kuzoea mashine, hupenda hivyo hadithi za kutisha za Shetani? Husema elimu ingetosha kuzifukuza. Sisi hatukubali. Hadithi hizo zimestawi hasa mjini, mahali ambapo mali huonekana lakini njia yake haionekani.

Tutazame Likasi yetu, iliyoitwa Jadotville mpaka 1966. Siku za vita ya pili ya dunia watu wa Katanga walisimulia habari za batumbula, yaani watu wa kuwakamata wenzao usiku na kuwapeleka kwa Wazungu, waliwe. Wazungu walicheka. Lakini mchana mambo yalikuwaje? Kazi iliongezwa, na bei ya vitu ikapanda. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, hapa na Elisabethville (ndiyo Lubumbashi), waligoma kwa ajili ya mshahara. Kule Elisabethville askari wakawapiga risasi. Tena jirani yetu, Shinkolobwe, watu walichimba jiwe wasiloambiwa kazi yake. Lilipelekwa Marekani kwa siri, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima, Agosti 1945, ilitoka humo. Hatuamini kwamba mtu aliliwa mezani. Walakini waliosema kwamba nguvu zao zinaliwa gizani hawakuwa wapumbavu.

Mwaka 1992 ilitoka Nigeria filamu Living in Bondage: mume anamtoa mkewe sadaka ili atajirike, kisha mzimu wa mke unamwandama. Filamu za namna hiyo zimeenea Afrika nzima. Miaka ile ile Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa ikianguka. Baba aliyechimba shaba miaka ishirini alikosa unga, na jirani asiye na kazi ya kujulikana alijenga nyumba. Ametoa nini? Filamu inamjibu: ametoa damu, na atalipa kabla hadithi haijaisha. Raha hiyo haipatikani barazani kwa hakimu.

Hatari inaanza filamu ikizimwa. Batumbula walihofiwa kama watumishi wa wenye nguvu. Siku hizi kidole huelekezwa kwa yatima. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Lakini askari wa sheria hawako nyumbani usiku, wakati unga umekwisha na wote wanamtazama mtoto wa marehemu dada.