Walioachwa Ng'ambo ya Ziwa

Injili tuliyoisikia Dominika hii inatupeleka ziwani usiku, upepo ukiwa wa mbisho na Mitume wakitaabika kwa makasia. Petro anaomba aitwe, anaitwa, anashuka chomboni na kutembea. Kisha anautazama upepo, anaingiwa na shaka, anaanza kuzama. Sisi wakazi wa Nyamagana hatuhitaji kuelezwa maana ya mawimbi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na ziko nyumba katika parokia zetu ambamo siku hiyo haitajwi ila kwa sauti ya chini.

Basi leo tuliache kidogo Ziwa la Galilaya, tulitazame hili la kwetu, maana hapa nako walikuwako watu waliotakiwa kushuka chomboni.

Mwezi Aprili 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, uliondoka Marseille kwa amri ya Askofu Mkuu Lavigerie. Kutoka Bagamoyo walitembea kwa miguu. Padre Pascal alifariki njiani, katika nchi ya Ugogo, kabla hajaliona ziwa lolote. Waliosalia wa kundi la Nyanza walifika Kageye, kwenye pwani hii yetu ya Usukuma, mwishoni mwa mwaka ule. Habari za ziwa hazikuwa njema: mwaka mmoja tu kabla yao, Desemba 1877, Waingereza wawili wa misioni ya Kianglikana, Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe. Hata hivyo, Januari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans waliingia mtumbwini, na tarehe 17 Februari wakatia nanga Kigungu, karibu na Entebbe. Wenzao, Padre Livinhac, Girault na Barbot, waliwafuata baadaye.

Tarehe 27 Machi 1880, Jumamosi Kuu, Waganda wanne wa kwanza walibatizwa. Lakini Lavigerie hakupenda haraka, akaagiza ukatekumeni wa miaka 4. Kwa hiyo waliobatizwa walikuwa wachache sana pale mambo yalipoharibika katika ikulu ya Kabaka Mutesa. Mwezi Novemba 1882 Mapadre waliamua kuondoka. Walipakia mitumbwini watoto yatima waliokuwa wakiwalea, wakavuka ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakajenga misioni Bukumbi, kando ya Ghuba ya Mwanza. Mtu akitoka Nyamagana leo kwa gari, akaipita Usagara, hachukui muda mrefu kufika pale. Wengi wetu tunapita bila kugeuza shingo.

Je, walikosea kuondoka? Hatutaki kuwahukumu. Waliogopa kwa ajili ya maisha yao na ya watoto wale, na hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini tukubali jambo hili: kwa macho ya kibinadamu kazi ilikuwa imekwisha. Ng'ambo hakukuwa na Misa, wala Kitubio, wala padre wa kuulizwa swali. Aliyebaki na imani yake changa alikuwa na kila sababu ya kujiuliza kama Mungu huyu mpya hakuondoka pamoja na wale waliomleta.

Na sasa watazameni walioachwa. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, na Yosefu Mukasa, mtumishi wa ikulu, walibatizwa pamoja tarehe 30 Aprili 1882. Mathias Kalemba na Luka Banabakintu tarehe 28 Mei mwaka uleule. Hesabuni wenyewe: Mapadre walipopanda mitumbwi, Ukristo wa watu hawa ulikuwa na umri wa miezi 5 au 6. Hawakuwa na chuo cha katekesi, wala barua ya askofu ya kuwaidhinisha. Kaggwa aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa sala na mafundisho. Mukasa aliwakusanya vijana wa ikulu. Kalemba na Banabakintu walifundisha huko Mityana, na waliokuwa katika hatari ya kufa walibatizwa. Mapadre waliporudi Julai 1885, baada ya kifo cha Mutesa na kutawazwa kwa Mwanga, walitarajia kukuta majivu. Walikuta umati wa wakatekumeni uliozidi mara nyingi idadi ya waliowaacha.

Hatusemi kwamba watu hao hawakuwa na shaka. Sisi tunaamini walikuwa nayo, maana walikuwa watu. Ila hawakungoja shaka iondoke ndipo waanze kufundisha. Katekista wa kigango anayemwona padre mara moja baada ya miezi mitatu, anayesoma Injili mbele ya watu huku moyoni akijiuliza kama yeye mwenyewe anaiamini yote, amjue Kalemba kuwa ndugu yake. Kalemba naye alikuwa amehangaika, akapita kwenye Uislamu, kisha akasikiliza mafundisho ya Waanglikana, kabla ya kuja kwa Mapadre.

Yaliyofuata mnayajua. Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 Karoli Lwanga, bila padre karibu, aliwabatiza kwa mkono wake vijana wanne, Kizito akiwa mmoja wao. Tarehe 3 Juni akachomwa Namugongo. Kaggwa na Kalemba nao waliuawa siku hizohizo.

Lakini Bukumbi ilikuwa bado haijamaliza kazi. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Mwezi Oktoba wamisionari wote, Wakatoliki na Waanglikana, walifukuzwa wakiwa wamesongana katika mashua moja. Kiboko akaitoboa, baadhi ya waliokuwamo wakafa maji. Waliosalimika waliiziba mashua, wakafika Bukumbi. Hapo ndipo, baada ya kukaa Magu, alipokuja mkimbizi mwingine kuomba hifadhi. Alikuwa Mwanga.

Tufikirie mlango ule. Ndani walikuwamo waliowafundisha na kuwazika, pale palipobaki mwili wa kuzikwa, vijana aliowaua huyu aliyesimama nje. Mapadre walimfungulia, akala na kulala kwao. Mwaka 1889 aliondoka katika mashua ya Charles Stokes, mfanyabiashara aliyewahi kuwa mmisionari wa Kianglikana, kwenda kuutafuta ufalme wake. Na kati ya waliompigania hadi akarudi kitini walikuwamo Wakristo wa Buganda, ndugu na marafiki wa wale wa Namugongo.