Watu wa Bondeni: Historia Fupi ya Mto Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ndani ya mabaki ya msitu wa mwambao uliokuwa mkubwa kuliko unavyoonekana leo. Kutoka huko huteremka kilomita zipatazo 35, ukipokea Mto Luhanga, Mto Ubungo na Mto Ng'ombe unaotoka pande za Sinza na Tandale, kisha humwaga maji baharini penye mikoko, jirani na daraja la Selander. Ukitaja makazi ya mtoni yaliyotengwa na dunia, wengi watawaza kijiji cha ndani ya msitu wa Kongo kinachofikiwa kwa mtumbwi. Dar es Salaam inayo makazi ya aina hiyo tumboni mwake. Mvua kubwa ikinyesha Pugu, mitaa ya Mkwajuni, Kigogo na Hananasif hukatika na mji kwa saa kadhaa au siku kadhaa, ingawa Kariakoo ni mwendo wa miguu tu. Wakazi wake wamezoea kuitwa wavamizi. Historia ya bonde hilo inasema vingine: mji wenyewe ndio uliowateremsha huko, na maamuzi yaliyowateremsha yanatajika mwaka kwa mwaka.

Kabla ya Sultani Majid kuanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, bonde lilikuwa sehemu ya nchi ya Wazaramo. Wajerumani walipotoa kanuni zao za ujenzi mwaka 1891 walianza kuupanga mji kwa aina ya nyumba, na kwa kufanya hivyo wakaupanga kwa rangi ya watu. Waingereza waliendeleza kazi hiyo: Wazungu Oysterbay penye upepo, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, baadaye Magomeni ng'ambo ya bonde. Msimbazi ukabaki katikati ya mitaa ya Waafrika kama ardhi isiyogawiwa mtu. Ramani kuu zilizofuata, ya 1949, ya 1968 na ya 1979, hazikuitengea ardhi hiyo nyumba. Lakini kuiacha wazi kwenye karatasi ni jambo moja, na kuifanya bustani yenye miti na walinzi ni jambo lingine ambalo halikutendeka. Ardhi tupu, karibu na soko, bandari na viwanda, ikabaki inangoja.

Mji haukungoja. Mwaka 1967 ulikuwa na watu takriban 273,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa mzima. Serikali ilijaribu. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama na kuboresha Manzese badala ya kuibomoa, uamuzi wa busara kwa zama zile. Tatizo ni kwamba viwanja vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia kwa wingi mikononi mwa wenye mishahara na wenye kujuana na maofisa, na kasi ya upimaji haikufikia kasi ya watu kuingia. Mfanyakazi wa kibarua asiyepata kiwanja Sinza alinunua kipande cha ardhi bondeni kwa mkulima wa mchicha, shahidi akiwa mjumbe wa nyumba kumi. Hakwenda kinyume na mfumo wa ardhi wa mji huu. Huo ndio uliokuwa mfumo wenyewe kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam.

Na bonde halikusahauliwa kama inavyodhaniwa. Lilitumika mno. Matuta ya mchicha, matembele na bamia kando ya mto yalilisha mji, hasa katika miaka migumu ya 1970 na 1980, serikali yenyewe ilipohimiza kilimo cha kufa na kupona. Mchanga wa mtoni ulijenga nyumba za watu wasiowahi kukanyaga Kigogo. Uchafu nao ulielekezwa kuko huko: maji ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa 1968, damu na vinyesi vya machinjio ya Vingunguti, taka za jiji zilizomwagwa Tabata hadi wakazi walipokwenda mahakamani na dampo likafungwa 1991, zikahamia Vingunguti, bado ndani ya bonde lile lile. Hata klabu mbili kubwa za soka nchini zinajulikana kwa majina ya huku, Wekundu wa Msimbazi na Wanajangwani. Lilikuwa bonde la mji mzima siku zote, isipokuwa siku ya mafuriko, linapogeuka kuwa la wakazi wake peke yao.

Watasema sheria ni sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hakuna mwenye akili timamu atakayeipinga shabaha yake. Ila nyumba nyingi zilikwisha kusimama sheria ilipotungwa, na baadhi zilikuwa na mita za umeme. Hananasif, katika miaka ya 1990, ilijengewa mifereji ya maji ya mvua na nguvu kazi ya wakazi wake kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Baada ya sheria kupita, serikali ikajenga karakana ya mabasi ya mwendokasi Jangwani, mahali ambapo kila mtoto wa Magomeni anajua maji hupita. Mabasi yalianza safari Mei 2016, na masika yakaifuata karakana mara kwa mara kama yanavyowafuata majirani zake. Ikiwa wahandisi wenye vipimo na fedha waliona pale panajengeka, mwenye nyumba ya vyumba sita ya kupangisha atalaumiwa kwa kosa gani ambalo wao hawakulitenda?

Pingamizi zito zaidi ni lile la Mabwepande. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo mji haukuwa umeiona tangu 1954. Watu wasiopungua 40 walikufa na maelfu walipoteza makazi. Serikali iligawa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa Kinondoni, na baadhi ya waliopewa walirudi bondeni. Wengi wakahitimisha kwamba watu hawa hawasaidiki. Hitimisho hilo linapuuza hesabu ya nauli. Mama lishe wa Kariakoo au mbeba mizigo hupata ujira wake wa siku alfajiri, kabla daladala ya kilomita kama 30 haijafika; kumpa ardhi mbali na kazi ni kumpa akiba asiyoweza kula. Tena kiwanja kilimlenga mwenye nyumba. Mpangaji, na bondeni wapangaji ni wengi, alihamia chumba kingine cha bei ile ile, na chumba cha bei ile kilikuwa bondeni. Ndiyo maana alama za X zilizochorwa kwenye kuta na matingatinga yaliyoingia Mkwajuni na Hananasif tarehe 17 Desemba 2015 yalibomoa nyumba bila kupunguza mahitaji ya nyumba, mpaka mahakama ilipoyasimamisha mwezi uliofuata.

Wako pia wanaosema kosa ni la mvua, kwamba tabianchi imebadilika na hakuna wa kulaumiwa. Mvua zimebadilika kweli. Lakini siku hizi bonde hufurika hata kwa mvua za kawaida za masika, kwa sababu mto umeinuka. Mkaa unaopika wali wa Masaki na wa Mbagala ulikatwa kwa sehemu katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Vilima vya Kisarawe na Ukonga vilivyovuliwa miti na kujengwa nyumba huteremsha mchanga, nao hujaza mkondo hadi maji yakose pa kupita. Aliyejenga kilimani kwa hati halali amechangia zaidi maji ya Jangwani kuliko aliyelala kando yake, na hakuna X iliyochorwa ukutani kwake. Mto Kizinga kule Temeke, uliowahi kuwa chanzo kikuu cha maji ya bomba ya mji kupitia Mtoni, unaelekea njia hiyo hiyo.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: kupanua mkondo, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuotesha bustani, na kuwalipa fidia wanaohamishwa. Wanaosema fidia hiyo ni zawadi kwa wavunja sheria wasome mpango wenyewe hadi mwisho. Pembezoni mwa bustani, udongo utakaochimbwa mtoni utarundikwa na kushindiliwa, ardhi iinuke juu ya kiwango cha mafuriko, kisha majengo yapande juu yake kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo bonde linajengeka, mradi anayejenga awe na fedha za kuinua ardhi. Swali lililobaki kwa halmashauri za Jiji la Dar es Salaam (Ilala), Ubungo na Kinondoni ni vyumba vingapi katika majengo hayo vitapangishwa kwa kodi ambayo mpangaji wa Mkwajuni alikuwa akiilipa.